Siku Tulipoambiwa Hakuna Bosi

Shirika letu la wakulima wa kahawa, lenye ofisi Sekei, linaendeshwa na Wameru wenyewe, na mwenyekiti wetu ni mzee wa kanisa. Kwetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Ukiona kosa lake, unamnong'oneza mzee wa rika lake, naye anampelekea taratibu, mpaka mkubwa anaamka siku moja akidhani wazo ni lake. Tumebadilisha mengi kwa njia hiyo, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Basi mfadhili akatuletea mtaalamu wa ubunifu kutoka Dar. Akatuketisha sakafuni juu ya mito, wazee na magoti yao mabovu, akatangaza, "Hapa hakuna bosi. Semeni lolote!"

Wenye akili wakatazama dari. Mimi, msomi wa watu, nikaamini. Nikasema vichanja vya kukaushia kahawa, ambavyo mwenyekiti ameviweka karibu na migomba, havipati jua, na kahawa inaota ukungu.

Mtaalamu akapiga makofi, peke yake.

"Asante, binti yangu," mwenyekiti akasema. Tangu hapo hakunisemesha tena. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na wa kuutia saini ni yeye. Mtaalamu akanifariji kwamba maumivu ni sehemu ya ubunifu. Ya kwake sikuyaona.

Wiki ilipokaribia kwisha, nyumbani Moshono mama akaniambia, "Mpelekee isale." Hilo ni jani refu tunalopanda mipakani, ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha.

"Kwani nimekosa nini? Kahawa haijaota ukungu?"

"Imeota. Na kazi unaitaka?"

Asubuhi nikakata jani, nikalifunga fundo, nikaenda nalo kwenye mkoba, nimenuna kweli kweli. Mezani kwangu nikakuta jingine, bichi, nalo limefungwa fundo. Sijawahi kuona mzee akimpa mtoto isale.

"Vichanja tumeshavihamisha," mwenyekiti akasema mlangoni, macho yake dirishani.

Hasira niliyoilea vizuri wiki nzima ikaniishia pale pale, na machozi yakanitoka. "Shikamoo, baba," nikasema, nikampa la kwangu kwa mikono miwili.

Mtaalamu akapita, akayapiga picha majani yetu, akasifu ofisi kuanza kupambwa.

"Marahaba," mwenyekiti akaniitikia. "Una kalamu?"