Kichwa cha Ukurasa wa Bana Chewe

Astridah Kunda alirithi vitu viwili kwa baba yake, ubishi na studio ya picha. Studio iko Luanshya, mji wa mgodi wa shaba, jirani na soko, na siku hizi watu huingia humo kutoa fotokopi au kupiga picha za vitambulisho. Nyuma ya pazia kulijaa maboksi ya picha za zamani: wachimba mgodi ndani ya suti za kuazima, maharusi, watoto wa ubatizo. Zilipigwa, zikasafishwa, wenyewe hawakurudi kuzichukua.

Moja kati ya hizo ilimnyima mzee Kunda raha mpaka anakufa. Ni ya mwanamke mwembamba wa mtaa wa Mikomfwa, amefunga kitenge vizuri, amempakata mtoto wa kiume. "Mtunzie mwanangu picha hii, hana nyingine," alimwambia mzee, akaahidi kurudi Jumamosi. Jumamosi haikumkuta hai. Mumewe alikwisha kufia mgodini, basi wajomba wakaja kumchukua mtoto, wakaenda naye mkoani Luapula, na habari zikaishia hapo. Mzee alipokuwa anakata roho hakutaja nyumba wala shamba. Alisema, "Ile picha si yetu, mwanangu. Mpe mwenyewe."

Kwa hiyo Astridah akaziskani picha zote na kuzifungulia albamu mtandaoni. Miezi ikapita. Waliokuja kutazama ni binamu zake wa Lusaka tu, na walikuja kuzicheka zile suti.

Mbishi hakati tamaa. Alianza kusoma jinsi mtambo wa kutafutia mtandaoni unavyofanya kazi, na alichokisoma kilimwacha mdomo wazi. Kwa macho ya watu albamu yake ilipendeza: maandishi manene juu, picha chini. Kumbe mtambo haubabaishwi na unene wa herufi. Hata ukiiona sura, haujui ni ya nani. Wenyewe hupapasa maneno, na mapema kabisa hutafuta kichwa cha ukurasa, kile kilichowekewa alama yake maalumu ya kusema hili ndilo jambo kuu hapa, kisha vichwa vidogo vilivyo chini yake. Na kurasa zake zote, mamia, zilibeba kichwa kimoja kilekile: Albamu ya Picha. Ilikuwa kama kujenga mtaa mzima na kuandika "Nyumba" kwenye kila mlango. Astridah alicheka peke yake kwa aibu.

Lakini zaidi ya aibu alistaajabu. Kwamba maneno manne matano, yakikaa mahali pake, yanaweza kumfikia mtu aliye mbali, asiyejua hata kama anatafutwa! Kila alipolifikiria hilo mwili ulimsisimka, na kamera zote za baba yake zikaonekana jambo dogo.

Akaanza upya, ukurasa mmoja mmoja. Kila picha ikapata kichwa chake, na chini yake mahali na habari zake. Zile suti zikaanza kupata wenyewe: mama mmoja wa Kitwe alimwona babu yake, akapiga simu akilia na kucheka. Ukurasa wa mwanamke wa Mikomfwa aliuandika kwa uangalifu kuliko yote, kwa jina lililokuwa juu ya bahasha ya picha hiyo: Esnart Mumba. Ukakaa kimya.

Siku moja Bana Zelipa, bibi Mngoni anayeuza kinywaji cha munkoyo mlango wa pili, aliingia kuomba chenji.

"Nani huyo unamkodolea macho hivyo, Bana Natasha?" alimwuliza Astridah.

"Esnart Mumba, bibi. Namtafuta mwanawe, simpati."

Bibi akavaa miwani. "Esnart gani? Huyu ni Bana Chewe. Tulichota maji bomba moja."

"Jina lake liko kwenye bahasha."

"Bahasha! Nyie Wabemba mnaokula nyani mna kazi kweli. Haya, wewe unaitwa nani? Miaka yote hii nakuita Bana Natasha, unaitika, na munkoyo wangu unakunywa bure. Hilo jina lako lingine mimi silijui."

"Nyie Wangoni mnaokula panya msitufundishe kazi," alijibu Astridah, maana utani huo wa Wabemba na Wangoni ni wa tangu enzi za mababu. Lakini bibi alisema kweli. Hapa mwanamke akishazaa, huitwa Bana, yaani mama wa, pamoja na jina la mwanawe, na jina lake la kuzaliwa hubaki ofisini. Yeye alibandika mlangoni jina ambalo hakuna aliyelitumia. Mchana uleule akalishusha Esnart kwenye kichwa kidogo, na juu akaandika: Bana Chewe na mwanawe, Mikomfwa, mgodi wa Luanshya.

Wiki kadhaa baadaye mwanamume alitokea dukani, viatu vyeupe kwa vumbi la chokaa la Ndola, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Alijitaja kuwa Chewe, akasema kuna picha ameiona. Astridah hakukubali kirahisi.

"Nani alikulea, baba?"

"Wajomba, Luapula. Baba alifia mgodi wa hapa."

Bana Zelipa aliitwa, akamzunguka mgeni kama anayenunua mbuzi. "Masikio ya baba yake hayo. Mpe."

Astridah akampa ile picha yenyewe. Chewe aliishika pembeni kwa ncha za vidole. Hakuwahi kuuona uso wa mama yake.

"Ulitafuta jina gani mpaka ukampata?" Astridah aliuliza.

"Langu. Niliomba kazi mgodini. Nikaandika mtandaoni Chewe, nikaandika mgodi wa Luanshya, nione kama jina langu limetoka. Akatoka yeye."

"Na lake hulijui?"

"Nalijua, liko kwenye cheti changu. Lakini nimwandike mama yangu jina tupu, kama mtoto mwenzangu? Sikuthubutu."

Akamgeukia Bana Zelipa. "Bibi, kweli mlimwita kwa jina langu?"

"Kutwa nzima, mwanangu."

"Mwite kidogo, nisikie."

Bibi alivua miwani, akaangalia mlangoni, akapaza sauti kama alivyokuwa akiipaza juu ya ua wa Mikomfwa. "Bana Chewe, maji yametoka, leta ndoo."

Chewe akaiinamia picha akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.