Kufuli Kwenye Boneti

Juzi nilikuwa Likoni kwenye foleni ya feri, magari yakijivuta kidogo kidogo, na gari la mbele yangu likaanza kufuka mvuke. Harufu ya maji ya rejeta yaliyochemka ikaingia dirishani kwangu, tamu kidogo, na ndani yake mna kutu. Mwenzangu, mimi harufu ile naijua tangu sijafika kimo cha usukani.

Nyumba yetu haikuwa mbali na pale. Tulichangia ua na jirani mmoja aliyeuza maji kwa mkokoteni, na asubuhi zetu zilianza kwa mlio wa magurudumu yake na mahamri ya bibi yakiumuka kwenye mafuta, iliki ikinukia hadi chumbani. Kazi yangu ilikuwa kufagia ua. Nilifagia kuzunguka mkokoteni wa jirani, kisha kuzunguka gari la baba, kwa kuwa vyote viwili vililala pamoja chini ya ukuta wa jikoni.

Baba alikuwa karani bandarini, na gari lake la kijani alilinunua likiwa limeshachoka. Lilikuwa na ugonjwa mmoja. Likiwa mwendoni, halina neno. Likiingia foleni ya feri tu, mshale wa joto unapanda mpaka kwenye nyekundu, na baba hana budi kuzima injini na kulisukuma kwa mkono huku walio nyuma wakipiga honi.

Fundi wa magari alibadilisha thamostati inayodhibiti joto la injini, akazibua rejeta, kisha akalikimbiza barabara ya Ukunda na kurudi. Mshale ulikuwa katikati, umetulia.

"Gari zima hili, bwana," akasema. "Labda wewe ndiye unayeliogopa."

Maneno hayo yalimkaa baba vibaya. Jioni ile alimwambia mama kwa sauti ya chini, "Kwa fundi ni zima, kwangu ni gonjwa. Pana mtu."

"Mtu gani?"

Baba alitazama nje, kwenye mkokoteni.

Alikuwa na ushahidi wake. Kila asubuhi mchanga chini ya pua ya gari ulikuwa umelowa, mimi mwenyewe niliufagia. Nani mwenye shughuli na maji katika ua ule? Basi baba akaamini kwamba jirani humwaga maji ya rejeta usiku, au hutia ya chumvi, kwa kijicho tu. Akatukataza kununua maji yake. Akatoboa boneti, akapitisha mnyororo na kufuli.

Jirani aliliona kufuli lile akiwa anajaza mitungi. "Kumbe wezi wamekuwa wengi siku hizi, jirani?"

"Wamekuwa karibu," baba akasema.

Jirani akajifuta mikono, akaondoka na mkokoteni wake. Tangu hapo hata mimi nikawa namvizia. Akiinama kufunga kiatu, nahesabu kosa. Akikohoa karibu na gari, naenda kumwambia baba. Na gari, pamoja na kufuli lake, likaendelea kuchemka.

Siku ya bibi kupasuliwa mtoto wa jicho, tulitoka mapema ili tuwahi hospitali ng'ambo. Foleni ilikuwa imefika hadi sokoni. Jua lilitupiga, mshale ukapanda, mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Baba alihangaika na kufuli lililokuwa la moto, akaungua vidole, na alipolifungua tukakuta hata tone la maji ya akiba hatuna.

Jirani alikuwa pale pale, akiwapelekea maji wauza chai. Akasukuma mkokoteni hadi kwetu na kushusha mtungi.

"Maji haya hapa. Mngoje lipoe kwanza."

Baba akasimama, mkono hauendi. "Tutapata kwengine," akasema.

Bibi alikuwa amesikia yote. Akatoa mkono dirishani. "Nipe mimi ninywe kwanza. Nikifa, usiyatie kwenye gari."

Jirani akammiminia kwenye kifuniko. Bibi akanywa hadi mwisho, akafuta midomo kwa ncha ya leso. Baba aliupokea mtungi akiwa ameinamisha macho.

Tulipokuwa tukingoja injini ipoe, bibi alijipepea na kulalamika. "Tulipokuwa tunakwenda palikuwa na upepo. Tangu tusimame nachemka humu."

Baba aligeuka akamtazama, kisha akalitazama gari.

Bibi aliwahi hospitali, alhamdulillahi. Siku ya pili yake baba alimwita fundi, akamwambia asiliendeshe gari. Aliwashe tu, aliache pale pale uani. Mshale ukapanda. Tukachungulia ndani ya boneti, sote. Feni ya rejeta ilikuwa imetulia kama picha. Ukiizungusha kwa kidole ilizunguka vizuri, ndiyo maana hakuna aliyeishuku, lakini mota yake ilikuwa imekufa. Barabarani upepo ulifanya kazi ya feni, kwenye foleni hapakuwa na upepo. Na mchanga uliolowa? Maji yaliyochemka yalifurika kwenye chupa ya rejeta, yakadondoka gari likishalala.

Fundi alitia mota nyengine, na ugonjwa ukaisha. Baba akaung'oa mnyororo, akavuka ua kwenda kwa jirani. Alikaa huko muda mrefu. Nilichosikia ni sauti ya jirani tu: "Yamekwisha, bwana. Kunywa chai."

Leo pale pana ghorofa, na ukuta wenye vigae vya chupa juu yake. Watu husema ua ule uliuawa na ukuta. Mimi nakumbuka jambo jengine. Zamani, kabla ya kufuli lile, jirani aliingia jikoni kwetu kama kwake, akachukua hamri la moto kabla hajakaribishwa, na bibi akamtukana kwa mapenzi. Baada ya siku ile alitujia vile vile, akacheka vile vile. Ila alisimama nje ya mlango, akapiga hodi, na akangoja mpaka baba mwenyewe aitike.