Mabua ya Mama

Samadi kavu ikishika moto haiwaki, inafuka. Inafuka siku mbili, tatu, na moshi wake unakaba koo hata ukiwa ndani umefunga mlango. Bustani ya mama yangu ilifuka hivyo, kijijini kwetu karibu na msitu wa Mgori, enzi za Mwingereza, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika upya.

Ilikuwa kipande kidogo nyuma ya zizi. Udongo wetu ni kichanga. Mvua ikinyesha leo, keshokutwa umekauka. Kwa hiyo kila baada ya mavuno mimi na mama tulibeba samadi kwa vikapu, tukaichanganya na udongo, kisha tukafunika kwa mabua ya uwele. Mvua ilipokatika katikati ya masika, mashamba ya watu yakanyauka, ungefunua mabua yale ukakuta udongo mweusi, wa baridi, umejaa minyoo. Maboga na mlenda wa hapo ndivyo vilivyotuvusha mpaka uwele ukomae. Hatukuwa na akiba nyingine.

Mwaka huo, mvua zikikaribia, akaja bwana shamba, kijana wa mbali, kaptula imenyooshwa kwa pasi. Amri imetoka bomani, akasema: mabua yote yachomwe, yanaficha funza wanaotoboa mazao.

"Mwanangu," mama akamuuliza kwa upole, "ukiyachoma haya, maji yatakaa wapi?"

"Mama, mimi sikuja kubishana."

Akawasha kiberiti mwenyewe. Moto ukala mabua, ukashuka kwenye samadi. Mvua zilipokuja tulipanda, na zilipokatika kila kitu kikafa. Mama yangu, mtu asiyejua kuomba hata chumvi, akajitwisha kikapu kitupu akaenda kwa kaka yake kuomba uwele. Nilimfuata nyuma.

Sasa sikilizeni jeuri! Mwaka uliofuata, bwana shamba yuleyule alilima shamba la mfano karibu na baraza, akaweka samadi, akafunika kwa nyasi, akawaita kina mama wote waje kujifunza elimu mpya ya kutunza unyevu. Hakuona haya hata kidogo. Alipomaliza, akaagiza wapige makofi. Wakapiga. Mama alificha mikono yake ndani ya kaniki, nami nikaificha yangu.

Siku hizi naishi mjini, mtaa wa Utemini, bibi wa wajukuu, na hakuna anayechomewa bustani. Hilo nalishukuru. Lakini mwaka jana nilikaa kwenye semina ya kilimo, mtaalamu mmoja mpole, mwenye heshima zake, akatuonyesha jinsi ya kutandaza mabua juu ya samadi. Alifundisha vizuri, sina ugomvi naye. Ila akamalizia kwa kusema wazee wetu walipata shida kwa sababu hawakuyajua haya.

Nikasimama. "Walijua, mwanangu," nikamwambia. "Walichomewa."