Sajenti na Mawe ya Redio ya Baba

Krrr-tik, krrr-tik, krrr-tik. Mpaka leo nikisikia mtu anakwaruza sufuria najificha uso, maana ndivyo alivyokuwa analia Sajenti akitembea, na aibu niliyoipata mbele ya kijiji kizima haijaisha hata baada ya watu wenyewe kusahau (hawajasahau, najifariji tu).

Ilikuwa miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumwagika madukani, ukishuka Moshi mjini unakuta saa zinazoongea na miavuli inayojifungua yenyewe, na mimi nilikuwa na fedha za cherehani, nilizozikusanya miaka mitatu kwa kuwauzia maandazi wapagazi wanaopanda mlima. Nimeishia darasa la saba, lakini ndoto zangu hazikuishia hapo. Nikapita duka la mama mmoja anayeleta mizigo kutoka Dubai, nikamwona amesimama mlangoni: roboti, mtu kabisa, kichwa, mabega, mikono miwili, miguu miwili, ananifika kiunoni, macho yanawaka mekundu, amebeba sinia. Mwenye duka akambonyeza mgongoni, akaja krrr-tik mpaka miguuni kwangu, akainama kidogo. Jamani, mimi nilikuwa sijawahi kuinamiwa na mtu yeyote. Hapo hapo nikayaona maisha yangu: Sajenti (nilimpa jina kabla sijalipa) anagawa keki kwenye harusi na vipaimara mlima mzima, watu wanagombania kumkodi, cherehani nanunua mbili.

Nikalipa. Kumbe kumnunua ndiyo kazi ndogo, kazi ni kukaa naye. Konda wa basi la Marangu alikataa kumwita mzigo, akasema chenye kichwa na miguu ni abiria, nikalipa nauli ya watu wawili. Anakula mawe sita makubwa, betri zile za redio, na akitembea nusu saa yamekwisha, macho yanafifia kama ya mgonjwa. Goti la kushoto likachomoka wiki ya kwanza, fundi redio akanitoza kama daktari. Halafu Sajenti anataka sakafu, na kwetu Marangu niambie sakafu iko wapi, kila uwanja umeinama, hata kuku wetu wanasimama upande. Ikabidi ninunue mbao za kumtandikia njia. Mapato mpaka hapo: watoto wa jirani kuchungulia bure.

Hatimaye Mama Doroti, jirani yetu, akamkodi kwa kipaimara cha binti yake siku ya Jumapili. Jumatano nikataka kumjaribu, mawe yamekufa, mfukoni sina kitu. Juu ya kabati ipo redio ya baba. Nikatoa mawe yake manne, nikamwekea mle yangu yaliyokufa, nikachukua na mawili ya tochi, nikajiambia nitarudisha Jumapili jioni, siku nne tu, kwani nani atakufa?

Redio ile baba haiwashi kwa ajili ya muziki. Kila jioni anasikiliza matangazo ya vifo, maana ndugu na rafiki zake wametawanyika mpaka Kahe huko tambarare, na habari ya msiba inafika kwa redio kabla mtu hajapanda huku kuileta. Jioni ile akaiwasha, kimya. Akaigonga.

"Mawe yamechoka," akasema. "Jua likitoka nitayaanika."

Ndivyo anavyofanya, huyapanga juu ya bati la banda la ng'ombe, na kila akiyaanika huyachora mkwaruzo mmoja kwa msumari ajue yameanikwa mara ngapi. Lakini wiki ile ukungu uligoma kuondoka, jua hatukuliona, redio hakuifungua, na mimi nilikuwa pale pale nakunja nguo, mdomo nimeufunga.

Jumapili uwanja wa Mama Doroti ukajaa, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imelala mezani na majani mdomoni, wazee kwenye benchi lao upande wa chini na ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele yao. Nikapita kuwasalimia. Babu Zakayo aliipokea shikamoo yangu nusu nusu, maana alikuwa anamsema baba aliyekaa pembeni yake.

"Jana Kahe tulikutafuta. Mpaka udongo unafukiwa watu wanauliza, yuko wapi?"

"Kahe kuna nini?"

"Usinitanie wewe. Tumemzika Lawi."

"Lawi yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Alikuwa naye mmoja. Mzee Lawi ndiye aliyesimama na baba kanisani siku anamwoa mama, ndiye waliyepanda naye kahawa yetu ya kwanza, kabla hajahamia Kahe kulima mpunga.

"Sikusikia," baba akasema. "Redio yangu imenyamaza."

"Ilitangazwa Jumatano, ikarudiwa Alhamisi," Babu Zakayo akasema, kisha akatazama pembeni.

Ningekuwa na akili ningepiga magoti hapo hapo nikiri. Lakini mshereheshaji anaita kwenye kipaza sauti, "Aika, tuletee mgeni wa Dubai, keki inamsubiri," watu wote wamegeuka, na miguu yangu (ambayo haijawahi kunisikiliza) ikaenda.

Nikamsimamisha Sajenti juu ya mbao, keki kwenye sinia, nikambonyeza. Hatua tano za kwanza, makofi. Ya sita ubao ukateleza, akashika mteremko, akampita Doroti aliyekwisha kunyoosha mikono, akapita katikati ya viti, keki ikabaki kwenye paja la mama mchungaji, yeye huyo krrr-tik mpaka kwa wazee, akajitumbukiza kichwa kwenye ndoo ya mbege. Miguu bado inatembea hewani.

"Mpeni kata, ana kiu huyo," mtu akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nikamvuta, nikamfungua mgongo kabla hajaungua, nikaanza kutoa mawe, nayafuta kwa kanga, nayapanga kwenye benchi moja moja. Baba akaokota moja. Akaligeuza. Akaokota la pili.

"Mikwaruzo mitatu," akasema taratibu. "Aika, haya ni yangu."

Aliyarudisha kwenye benchi, akavaa kofia yake, akaondoka kabla ndafu haijakatwa. Kicheko kilikufa benchi moja baada ya jingine, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Kesho yake alikwenda Kahe kusimama penye kaburi. Aliporudi nilimngojea mlangoni na jani la isale mkononi, akalipokea, maana anayeomba radhi kwa isale hakataliwi, lakini kupokea ni jambo moja, na kunitania kama zamani ni jingine. Sajenti nilimuuza kwa mwenye hoteli wa Kwa Sadala, aliye na sakafu ya saruji, sikupata hata nusu ya cherehani. Nimeapa sitafuga tena chenye miguu kisichokula majani ya migomba.

Nilinunua mawe mapya manne, nikayatia redioni. Wiki nzima baba hakuigusa. Basi jioni moja, yeye akiwa bandani anakamua, saa ya matangazo ilipofika niliiwasha mwenyewe, sauti ndogo, nikachukua penseli nikaandika kila jina, kijiji na siku ya mazishi, hata ya watu nisiowajua, mpaka mtangazaji alipomaliza. Karatasi nikaiweka chini ya kikombe chake cha chai.