Mbio za Audrey Opondo

Filister Opondo alikuwa ulimi wa mdogo wake. Audrey alizaliwa na kigugumizi: kila neno lilipomkwama na shingo kumsimama mishipa, Filister, asiye na subira, alimmalizia. Dukani aliagiza yeye. Zahanatini aliulizwa Audrey panapouma, akajibu Filister. Mama yao alipofariki, wakiwa wapangaji wa chumba kimoja Sarang'ombe, Kibera, Filister aliacha shule akaenda kufulia watu nguo mtaa wa Nyayo Highrise, na Audrey akawa mtoto wake.

Kwamba mtoto huyo ana mbio, Filister alisikia tu. Mashindano yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya kufua.

Aliyemwona ni Ephantus Kagiri, mwalimu wa michezo aliyestaafu, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha kule Kabiro, Kawangware. Mwaka wa 1991 alimtazama Audrey kwenye mbio za shule, na wiki hiyo hiyo akaja Kibera akiuliza mlango kwa mlango mpaka akamkuta Filister akipepeta dagaa wa omena.

"Mama, huyu msichana wasimharibu na mbio ndefu," alisema kabla ya kuketi. "Kila mtu Kenya anataka kilomita. Huyu ni wa mita mia mbili. Nipatie mimi."

"Nikupatie vipi, Mwalimu? Yeye ni kuku?"

Audrey aliangua kicheko, mzee naye akacheka. Alikuwa na chumba kitupu kwenye ploti yake na kipande cha nyasi nyuma ya nyumba. Dada hao wakahamia Kabiro.

Mwaka uliofuata siasa za uchaguzi na ukabila zilipopamba moto, majirani walimuuliza Kagiri kwa nini ameweka Wajaluo kwake wakati kama huu.

"Nimeweka mbio," akawajibu, akafunga geti.

Pale nyuma ya nyumba alimfundisha kuchuchumaa, vidole chini, kiuno juu, na kungoja kofi la viganja vyake, lililokuwa badala ya bunduki. Hapo Filister, akianika nguo, aliona jambo la kwanza lililomshangaza: Audrey, ambaye kungoja neno lake mwenyewe kulimtesa, aliweza kungoja kofi la mzee bila hata kope kucheza. Alitulia kama maji ya mtungini. Kofi likilia, pale alipokuwa pamebaki vumbi.

Mambo hayakunyooka. Mwaka wa 1994 msuli wa paja ulichanika, akarudi nyumbani amebebwa. Wangoi, mkewe Kagiri, alimletea supu ya mifupa kila jioni. Filister alimkanda kwa maji moto huku Audrey akiuma leso. Watu walisema yamekwisha. Audrey alijifunza upya kutembea, halafu kukimbia.

Mwaka wa 1996 akachaguliwa kwenda Harare, mashindano ya kimataifa. Siku ya fainali ploti nzima ilijaa sebuleni kwa Kagiri, mbele ya televisheni. Kamera ilipita kwa wanawake wanane, na Filister akapitwa na uso wa mdogo wake asiutambue. Ule haukuwa uso wa msichana anayefichwa nyuma ya leso ya dadake. Ulikuwa wa mtu mwenye mahali pake.

Bunduki ikalia. Kwenye kona Audrey alikuwa wa tano. Walipotoka kwenye kona na kushika njia iliyonyooka, ni kana kwamba wenzake wamekanyaga matope naye peke yake yuko juu ya lami. Wa nne. Wa tatu. Kwenye utepe akajirusha kifua mbele: wa pili! Wangoi alipiga vigelegele, mtu akaangusha kikombe, Kagiri akavua kofia akaiweka usoni.

Kisha mtangazaji akamsogezea Audrey maikrofoni. "Unajisikiaje?"

Neno likamkwama. Sebule yote ikaona shingo ile ikisimama mishipa. Filister aliruka akashika kingo za televisheni. "Furaha! Sema nina furaha!" Lakini Harare ni mbali.

Audrey hakuinamisha kichwa. Alisubiri, macho makavu mbele ya Afrika nzima, kama anayengoja kofi. Mtangazaji naye akangoja. Halafu likatoka, polepole, silabi kwa silabi:

"Ni-ni-nilikuwa nataka dhahabu."

Filister akakaa chini sakafuni. Miaka yote hiyo alikuwa akimalizia maneno ambayo hakuyajua.

Audrey alikimbia Ulaya misimu miwili, Turin na Lisbon, kwenye mvua na baridi, mara akishinda, mara akiambulia mkia. Toka siku ile ya Harare, hakuna aliyemmalizia sentensi ploti ile, hata akichukua dakika.

Mwaka wa 1998 Audrey aliposhindana nyumbani Kenya, Filister aliwaambia akina mama wa Nyayo Highrise kwamba nguo zitangoja, akaenda uwanjani kwa mara ya kwanza, akakaa karibu kabisa na kona. Audrey alimaliza wa tatu siku hiyo. Paja lilishaanza kumsumbua tena. Lakini walipopita ile kona Filister alisikia kitu ambacho televisheni haikuwa imemwambia: misumari ya viatu ikirarua uwanja, pumzi zikitoka kwa mikoromo, na upepo wa miili ile ukimpiga usoni.

"Ulionaje, sista?" Audrey alimuuliza baadaye, akihema.

Filister alifungua kinywa. Hakupata neno, na Audrey, kwa upole, akamngojea.