Kadi ya Debe Moja la Maharage

Kadi yangu ya uanachama ilikatwa kwenye karatasi ya manila ya kijani, na muhuri wake ulichongwa kwenye kiazi. Msicheke. Viazi vya kwetu Endagikot, Mbulu, ni vigumu na vinashika wino vizuri. Juu ya kadi liliandikwa jina langu, si la mume wangu, na kwa hilo peke yake ningelipa madebe mawili.

Ada ilikuwa debe moja la maharage kwa mwaka, likiletwa baada ya mavuno, pamoja na kigoda chako mwenyewe cha kukalia. Ilikuwa miaka ile soko lilipoachiwa huru. Wafanyabiashara walifika na malori yao hadi mashambani, na ghala la ushirika likabaki na panya. Mwalimu mmoja mwanamke, aliyepangiwa shule yetu kutoka Kilwa, aliliomba ghala lile kwa serikali ya kijiji, akaanzisha humo chama cha kusoma. Alisema watu wanaolima kama sisi wanastahili starehe ambayo si pombe. Mchungaji alinung'unika kwamba kanisa linatosha, lakini wiki iliyofuata naye alileta debe lake.

Kwa debe hilo uliazima vitabu, na Jumamosi mchana uliingia ghalani ukapata vitendawili, maigizo, kanda za muziki kwenye redio ya mwalimu, na mzee mwenyekiti wa chama akitoa zile dua ndefu za wazee wetu ambazo watu wote huitikia kwa pamoja. Mwisho mwalimu alisoma sura moja ya kitabu kwa sauti. Mimi niliishia darasa la saba, na tangu nimalize nilikuwa nikisoma Biblia na kalenda ya duka. Mume wangu aliuliza kama nitawapikia watoto karatasi. Nikamwambia maharage ni ya shamba langu la bondeni, na yeye akitaka kusikiliza alete ya kwake. Mwaka wa pili alileta.

Nyuma ya kadi kulikuwa na sharti moja: mwanachama atakayekosa miezi mitatu mfululizo, kadi yake imekufa. Nililisoma sharti hilo siku ya kwanza nikacheka, kwa sababu sikuona ni kitu gani duniani kingenizuia.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu nilijifungua mtoto ambaye hakulia. Alikuwa wa kike. Sitaandika zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba nilimpenda kabla sijamwona na ninampenda hadi leo.

Kwetu Wairaqw, mwanamke aliyepatwa na hilo hukaa metimani, yaani hujitenga na watu. Haendi kisimani wakati wenzake wanachota, hapiti njia wanayopita, haketi nao, na hakuna anayekula wala kunywa chochote nyumbani kwake, mpaka wazee wamtoe kwa taratibu zao. Wachungaji walikuwa wameupunguza mwiko huo ila hawakuweza kuung'oa. Hofu ni kwamba msiba utahamia kwa mwingine, na nani anataka kuupeleka msiba kwa jirani? Mume wangu naye hakukanyaga vikaoni. Mama mkwe alitusimamia vizuri tusiuvunje. Sikumchukia. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa hivyo mara mbili.

Nilichoshindwa kuvumilia kilikuwa kidogo, na naona haya kukisema. Kitabu cha Jumamosi kilikuwa kimefika katikati. Kilimhusu mwanamke aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, naye akaenda mahakamani peke yake. Nilimwacha akiwa kizimbani, hajafungua mdomo. Usiku nilimwaza mtoto wangu, mchana nikamwaza mwanamke yule, na kila Jumamosi ilipopita nilikata alama kwenye nguzo ya zizi. Ilipofika ya kumi nikajua kadi yangu inakaribia kufa. Nikajiambia haitakufa. Sikujua nitafanyaje, ila niliapa. Mwaka ule ulikuwa umeshanichukulia vya kutosha.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mwalimu alibaki kijijini kwa kukosa nauli, na siku moja akaja kwangu. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya mwiko. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshasema, na jambo lenyewe si la kuzungumza hovyo. Yeye alisikia tu kwamba naumwa. Aliingia na kile kitabu kwapani, akanipa pole, akakaa, akasema kilima chetu kimemmaliza pumzi. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe cha bati kwenye kichanja, akachota maji mtungini na kunywa hadi mwisho.

Ningeweza kumzuia. Nafasi nilikuwa nayo, ya kutosha kabisa. Nilinyamaza kwa sababu tangu mwezi wa tatu hakuna mgeni aliyekunywa hata tone nyumbani kwangu, na nilipoona koo lake likimeza nilitaka kulia kwa furaha. Hilo ndilo kosa langu, na nilikosa nikiwa na akili timamu.

Mama mkwe alikuwa akipita nje na majani ya ng'ombe. Aliona.

Jumamosi ile hakuna mtu aliyekwenda ghalani, na aliyekwenda alikwenda kuchukua kigoda chake. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia: mmoja mmoja, kimya, kigoda begani, na mwalimu amesimama mlangoni akiuliza amekosa nini. Walimjibu kwa heshima kwamba wana kazi. Jioni ghala lilikuwa tupu kama siku ile ushirika ulipokufa.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilikuwa nimemwangamiza mgeni wangu na chama chake. Nilikasirika, kwanza na nafsi yangu, halafu na watu waliobeba vigoda bila kumwambia mwanamke wa watu neno moja la ukweli.

Kesho yake nilikwenda hadi mpaka wa shamba la mzee mwenyekiti. Sikuvuka. Nilisimama upande wa pili wa korongo, nikaita kwa nguvu, kama tunavyoitana kwetu kutoka kilima hadi kilima.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Simama hapo hapo."

"Nimesimama. Mwalimu hana kosa, mzee. Hakujua. Mimi nilijua, nikamwacha akanywa."

Aliegemea fimbo yake.

"Kwa nini ulimwacha?"

"Nilikuwa na kiu ya watu."

Alitazama chini. Nilidhani atanifukuza.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Sasa na yeye yumo humo ulimo wewe, mpaka tuwatoe. Sisi hatuwezi kukaa naye ghalani."

"Mkae uwanjani basi. Shamba langu la bondeni linapakana na uwanja wa ghala, na lina mpaka wa katani. Yeye na mimi tutakaa upande wetu, ninyi upande wenu. Asome kwa sauti. Hatutagusa mlango wenu, wala kigoda, wala kikombe."

"Wewe binti, unataka nini hasa?"

"Kadi yangu inasema nihudhurie, mzee. Nataka kuhudhuria."

Akacheka, mzee yule, mpaka akakohoa. Akasema atawauliza wenzake.

Kazi ngumu ilibaki kumwambia mwalimu. Alinisikiliza akiwa amekaza uso, na nilipomaliza sikuthubutu kumtazama.

"Kwa hiyo na mimi nimefiwa?" akauliza.

"Ndiyo, mwalimu. Umefiwa pamoja na mimi. Nisamehe."

"Kwetu mjane anakaa eda," alisema polepole. "Hakuna anayemwuliza kwa nini. Ila dada, ungeniambia. Ningekunywa hata hivyo, lakini ungeniambia."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kama angenitukana.

Jumamosi iliyofuata tulikaa wawili kwenye matuta ya maharage, tumejifunika shuka kwa baridi, tukingoja. Alitangulia mzee na kigoda chake. Halafu akaja mchungaji. Halafu wengine, mpaka uwanja wa ghala ukajaa. Mwalimu akasimama, akasoma. Lakini sauti ya darasani ni ya darasani. Upepo wa Mbulu uliichukua, na watu wakaanza kuweka viganja masikioni ili wasikie. Alijitahidi kurasa tatu, sauti ikakauka. Akanigeukia, akanipa kitabu.

"Wewe ndiye unayejua kuita," alisema.

Nilikuwa sijawahi kusoma mbele ya watu. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimeyavulia tangu korongoni. Nikasoma kama ninavyoita ng'ombe, neno kwa neno, nikivuta pumzi kwenye kila nukta. Mwanamke yule kizimbani akafungua mdomo wake, na aliufungua kwa sauti yangu. Nilipofika mahali hakimu anamwuliza kama ana shahidi, nilisikia mama mmoja ng'ambo akijibu, "Tupo." Hapo nilisimama kidogo kwa sababu ya machozi, na hakuna aliyeniharakisha.

Katibu wa chama aliweka alama kwenye daftari la mahudhurio. Ilikuwa Jumamosi ya kumi na mbili.

Tulisoma hivyo hadi maharage yakavunwa na kitabu kikaisha. Mwalimu wazee walimtoa metimani mapema, kabla shule hazijafunguliwa, lakini kila Jumamosi alimwuliza mzee kama anaruhusiwa kuja kukaa karibu na katani, upande wao, kunirekebisha matamshi. Miaka baadaye, mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha na yeye akahamishiwa Babati, kazi ya kusoma ilibaki kwangu. Ninayo mpaka leo.

Siku wazee walipomaliza taratibu zao na kututoa mimi na mume wangu, nilirudi nyumbani nikafagia uwanja, nikakaa mlangoni. Sikumtegemea mtu. Baada ya muda nikamwona mzee mwenyekiti akipanda kilima taratibu, kigoda begani. Nikamwamkia, akaitikia, akakiweka kigoda chake ndani ya nyumba yangu na kukikalia.

Alitazama kichanja, akakionyesha kile kikombe cha bati kwa fimbo yake.

"Nipe maji," alisema.