Kumfunga Pivo wa Kacyiru

Nianze na urefu wake, maana bila huo hutaelewa kwa nini watu wazima wanane walikaa wiki nzima wakimjadili mtu mmoja kana kwamba ni daraja linalotakiwa kujengwa. Alikuwa karani katika wizara moja huko Kacyiru, na katika timu ya makarani wenzake alikuwa pivo, yaani yule anayesimama chini ya kikapu na kungoja mpira umfuate. Kwa vipimo vyangu alikuwa na mita tatu. Wenzangu wanasema mbili na kidogo, lakini wengi wao walimwona kwa mbali. Mimi nilimkaba, pua yangu ikiwa usawa wa mkanda wake, na nina imani na mita zangu. Mvua ikinyesha Kigali, ilimfikia yeye kwanza, kisha sisi tukapata habari.

Sisi tulikuwa mafundi wa Kimisagara. Washona nguo watano, nami nikiwa mmojawao, fundi viatu, kinyozi, na mchomeleaji wa milango ya chuma aliyekuwa mpana kama milango yake. Huko bondeni kulikuwa na kiwanja kimoja cha saruji, na kwa miaka miwili Jumamosi saa tisa alasiri ilikuwa saa yetu. Hakuna aliyetuandikia, ila kila mtu alijua. Basi mwaka ule wa tisini na mbili, makarani wakakosa kiwanja chao cha juu, wakateremka bondeni na kumwambia msimamizi kwamba nao wanaitaka Jumamosi saa tisa, kwa sababu siku nyingine wako ofisini.

Msimamizi alikuwa mtu wa maneno machache na ufunguo mmoja. Alituita pande zote mbili akasema tucheze. Atakayeshinda achukue Jumamosi, na atakayeshindwa atapewa Jumanne saa nne asubuhi.

Jumanne saa nne asubuhi fundi yuko kwenye mashine na mteja amesimama mlangoni akiuliza suruali yake. Kwa timu yetu hicho kilikuwa kifo. Kwangu mimi kilikuwa zaidi ya kifo, kama kuna kitu cha namna hiyo. Jumatatu mpaka Alhamisi nilikuwa nikitoka kwenye cherehani na kukimbilia darasa la jioni, na Ijumaa nikiandika kazi za mwalimu. Jumapili nafua, napiga pasi, nalala. Katika wiki nzima saa ya kukimbia na kupiga kelele ilikuwa moja tu. Redio nayo miaka ile ilikuwa na habari za vita kaskazini kila siku, na watu walizungumza kwa sauti ndogo. Jumamosi saa tisa ndipo nilipopata kuzungumza kwa sauti kubwa. Niliapa sitaitoa.

Tatizo ni kwamba tulikwisha kucheza nao mara moja, mchezo wa kujuana tu, na pivo alituchezea kama mtu mzima anayepanga vyombo kabatini. Anaupokea mpira juu, anageuka, anauweka. Anaupokea, anageuka, anauweka. Mimi niliruka mpaka nikaona bustani za Kiyovu na magari ya mabalozi, na niliporudi chini mpira ulikuwa umeshaingia na watu wamesharudi upande wa pili.

Mwalimu wetu alikuwa fundi mkuu wa karakana yetu, mshonaji wa suti, Mwislamu wa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, ambaye ujanani alicheza mpira wa kikapu Bujumbura. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya nyumbani, cha kula na kugombana. Kwetu wengi kilikuwa lugha ya kazini, tuliyoijua kwa vipande, tukiishonea viraka vya Kinyarwanda. Kumbuka hilo, maana ndilo nusura lituzike.

Ijumaa jioni, baada ya kufunika mashine, alituita kwenye meza ya kukatia. Akachukua chaki ya kushonea akachora kikapu, akachora duara kubwa kuliko yote, hilo ndilo pivo. Akatuuliza tulimkaba wapi mara ile. Fundi viatu akajibu kwamba tulimkaba juu, tuliruka naye.

"Juu ni kwake," fundi mkuu akasema. "Ukimfuata juu umemfuata nyumbani kwake. Yule mtu mnamkabia miguuni na kiunoni, na mnamkaba kabla mpira haujamfikia. Ukishamfikia, pigeni makofi tu."

Halafu akatueleza, na mimi mpaka leo naweza kukuchorea. Mchomeleaji akae nyuma yake, kifua mgongoni, amsukume taratibu hatua moja, hatua mbili, mpaka pivo apokelee mpira mbali na kikapu. Mtu mwingine akae mbele yake, mkono juu, ili anayepasi asione pa kupitishia. Hao wawili fundi aliwaita kifungo na tundu lake, na pivo ndiye kitambaa kilichobanwa katikati. Mpira ukipigwa kwenye ubao, asiruke mtu kabla ya kumpiga mkanda, maana yake kumwekea makalio mapajani na kutanua viwiko, ili urefu wake wote ubaki nyuma yako. Na mimi, kwa kuwa Mungu alinipunguzia kitambaa, nipite chini chini kama panya. Siku zote mtu mrefu akichoka huushusha mpira mpaka tumboni kabla ya kugeuka. Ukishuka, ni wangu.

Kinyozi akauliza swali la maana. Tukiweka wawili kwa mtu mmoja, si mwenzao mmoja anabaki huru? Fundi akasema ndiyo, lazima abaki, na kazi yetu ni kumchagua sisi. Tukamchagua karani mwenye miwani aliyekuwa akirusha mpira kama anayetupa barua posta. Huyo tukamwachia uhuru wote wa dunia.

Mchomeleaji alichelewa. Alikuwa akimalizia geti la mtu, na aliingia wakati fundi anafunga kikao. Ninaona hata sasa anavyoinama mlangoni, kofia mkononi, na fundi akiwa amesimama na chaki akisema:

"Kwa hiyo kesho tunafunga. Tunafunga tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuna kulegea. Asiyeweza kufunga, asije."

Mchomeleaji akaitikia kwa kichwa kwa uzito mkubwa. Kisha nikamwelezea nafasi yake njiani tukirudi, akaelewa vizuri, akanionyesha hata namna atakavyopanga miguu. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha.

Jumamosi mchana nilimpitia na maandazi mawili. Akayakataa. Chai akaikataa. Nikamtania kwamba pivo ameshamtia tumbo la woga, akanitazama kwa huruma kama padri anavyomtazama mlevi.

Mchezo ulianza na nakuambia dakika kumi za kwanza tulikuwa wazuri kuliko timu yoyote iliyowahi kukanyaga saruji, kutoka hapa mpaka Kairo. Mchomeleaji alimsukuma pivo kama anayesukuma lori lililozimika. Mshonaji mwenzangu mbele yake alipunga mikono. Mpira ukawa unazunguka nje unatafuta mlango, na makarani wakaanza kulaumiana kwa Kifaransa kizuri sana. Mara mbili pivo aliushusha mpira tumboni, mara mbili niliondoka nao. Mwenye miwani alirusha mara tano, akapata moja, akashangaa yeye kuliko sisi.

Halafu mchomeleaji akaanza kuyeyuka. Kwanza nilidhani ni jua. Alikuwa anashika magoti kila mpira ukitoka. Pivo akarudi hatua moja ndani, kisha mbili, akaanza tena kupanga vyombo kabatini. Mchomeleaji kwa kuchelewa akawa anamshika mkono badala ya kumsukuma kwa kifua. Mwamuzi akapuliza filimbi, foti, yaani kosa. Akapuliza tena, foti ya pili, ya tatu. Ukifikisha foti tano unatoka nje, na yeye alikuwa na nne kabla kipindi cha kwanza hakijaisha. Mwisho wa kipindi makarani walikuwa mbele kwa pointi tisa, na yeye akakaa chini kwenye saruji kama gunia, midomo imepasuka.

Nikampelekea maji. Akageuza uso.

"Kunywa, bwana."

"Siwezi. Bado jua."

Fundi akasogea. "Jua limefanya nini?"

"Halijatua," mchomeleaji akasema. "Fundi, wewe jana ulisema. Kesho tunafunga, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi Mkristo lakini nimefunga. Tangu alfajiri hakuna kitu imepita hapa."

Nieleze, ingawa wewe msomaji umeshashika. Majirani zake wote bondeni walikuwa Waislamu, na neno kufunga alilijua kutoka kwao, mwezi wa Ramadhani, wanapomwambia hawali kwa sababu wamefunga. Maana nyingine hakuwa nazo. Alidhani jambo letu ni zito kiasi kwamba fundi ametangaza mfungo wa mpira wa kikapu, naye kwa heshima akautii, akachomelea chuma asubuhi nzima juani bila tone la maji.

"Kumfunga pivo," fundi akasema polepole. "Kumfunga. Kumbana. Kama kamba."

"Sasa kwa nini hukusema kamba?"

Kinyozi alicheka mpaka akalala chini. Mimi nilicheka pia, kisha nikatazama upande wa pili ambako makarani walikuwa wanakula machungwa kwa utulivu, nikaiona Jumanne saa nne asubuhi inanijia na suruali zake. Kicheko kikaisha.

Fundi hakugombeza. Alimpa maji mwenyewe, kidogo kidogo, na yale maandazi yangu yaliyokataliwa, akamwambia akae mpaka aitwe. Halafu akatugeukia na kufanya hesabu ambayo siku zote naikumbuka ninapokuwa na kazi kubwa kuliko mimi. Alisema mtu wa kumsukuma pivo kipindi kizima hatuna tena. Lakini tuna watu saba wa kumsukuma kwa dakika tatu tatu. Kila mmoja ana foti tano, na nyingine hatujazigusa. Hatuhitaji kumshinda nguvu, tunahitaji asizoee mgongo mmoja.

"Na mimi?" nikauliza, maana nilikuwa na kilo hamsini pamoja na viatu.

"Na wewe. Wewe utakaa chini kuliko wote. Mpige mkanda kwenye magoti."

Basi tukaingia kwa zamu. Fundi viatu alimsukuma kwa bega mpaka akapata foti tatu, akatoka. Kinyozi akaingia, yeye hakusukuma, alikuwa akimkalia pale pivo anapotaka kukanyaga, kila mara nusu hatua mbele yake. Mshonaji mmoja akamzungumzisha, akamuuliza nani anamshonea suruali ndefu vile na kama angependa kupunguziwa bei. Kila alipozoea mtu mmoja, yule alitoka akaja mwingine wa kimo kingine na ujanja mwingine. Nikaona anaanza kutazama nyuma kabla ya kupokea mpira, na mtu anayetazama nyuma hawezi kuupokea vizuri. Mwamuzi akampulizia sekunde tatu, kwa kusimama chini ya kikapu muda mrefu. Akalalamika. Akapuliziwa tena.

Zamu yangu ilikuwa dakika tatu, ambazo kwa saa yangu zilikuwa kama wiki mbili. Nilichuchumaa nikambandikia mgongo juu kidogo ya magoti. Kila alipotaka kugeuka alinikuta mimi, kama kiti kilichowekwa mahali pabaya. Alinikanyaga mara nne. Mara moja alinivuka kabisa, mguu huku mguu kule, nikawa chini yake kama chini ya lango la mji. Lakini hapo ndipo mpira ulipopita mbele ya pua yangu nikaudaka.

Zile pointi tisa zikapungua kidogo kidogo, mpaka ikabaki dakika moja na sisi tuko mbele kwa pointi moja. Fundi akamwita mchomeleaji, aliyekuwa amekula, amekunywa, amepata macho yake. Foti nne alikuwa nazo bado, kosa moja tu na yuko nje. Akasimama nyuma ya pivo bila kutumia mikono, kaiweka juu kabisa kama mtu aliyekamatwa na polisi, akasukuma kwa kifua peke yake. Makarani wakajaribu kulia, wakajaribu kushoto, hawakuona njia. Mpira ukaenda kwa mwenye miwani, huru kama tulivyomwacha. Akavuta pumzi, akarusha.

Nikuambie ukweli, ulikuwa mrusho mzuri. Uligonga chuma, ukazunguka, ukafikiri, ukatoka. Pivo alinyoosha mkono uliofika mbinguni, lakini mchomeleaji alikuwa ameshageuka na kumpiga mkanda, mapaja ya pivo yamekwama nyuma ya makalio yake, na mchomeleaji hakuruka hata kidogo. Alisubiri mpira ushuke mpaka ulipo yeye, akaukumbatia kwa mikono miwili, akainama nao mpaka filimbi ya mwisho.

Pivo alikuja akatushika mikono mmoja mmoja. Aliponifikia aliniuliza kama nimeumia, nikamwambia hapana, na siku tatu baadaye nilikuwa bado nachechemea nikienda darasani. Makarani walitaka mchezo wa marudiano. Msimamizi akawaambia neno lake limekwisha kutoka, akachukua kipande cha mkaa akaandika ukutani, karibu na mlango wa kiwanja: Jumamosi saa tisa, mafundi. Tulikuwa hatujawahi kuandikwa popote.

Jumamosi iliyofuata hatukuwa na wa kucheza naye. Tulifika wote wanane kabla ya saa tisa, tukagawanyika wanne kwa wanne, na tukapiga kelele mpaka msimamizi akaja na ufunguo wake kutuambia saa yetu imekwisha.